Sukari ya Gunia Zima

Wiki iliyopita niliwaacha nimepanda juu ya kinu kilichopinduliwa, katikati ya Kikole, nikiwaeleza wananchi jinsi Mzee Dadi wa dukani alivyokuwa akitunyonya kwa kijiko. Kwa yule aliyefungia dagaa gazeti lile kabla hajalisoma, narudia kidogo.

Ulikuwa mwaka uliofuata ule tuliohamishwa mashambani tukapangwa nyumba kwa mstari. Duka la kijiji lilikuwepo, lina kufuli jipya na rafu tupu. Sukari ilikuwa kwa Dadi.

Na Dadi alikuwa akiuza kijiko kijiko. Anachota kimoja, anakikunja ndani ya kipande cha gazeti kama tambuu, anakusukumia. Chai ya watu wawili, vijiko viwili. Mgeni akizidi, unarudi. Nilipiga hesabu kwa mkaa ukutani nikaona wazi: mtu anayekunywa sukari ya vijiko mwaka mzima angeweza kununua ya gunia na bado akabaki na hela ya kanga.

Mimi na Dadi tuna mambo ya zamani. Siku ya Uhuru, bendera imeshapanda, nilikimbia dukani kwake nikijua leo sukari itakuwa bure, au angalau kijiko kitajaa. Akachota, akakipitisha kidole juu kikawa sawa na ukingo, akanipa. "Uhuru na kazi, mwanangu," akasema.

Tangu siku ile sikumpa tena shikamoo. Nilikuwa nampita kama napita nguzo ya simu.

Ajabu ni kwamba kusoma amenifundisha yeye. Kisomo cha watu wazima kilinipa herufi. Dadi alinipa maandishi. Kila nikinywa chai nilifungua kile kikaratasi, nikalamba punje zilizobaki, nikasoma. Ndiyo maana elimu yangu yote ni ya nusu nusu. Najua mabepari walivyoanza, sijui walivyoendelea. Najua vita ilipiganwa, sijui nani alishinda. Na siku moja nikapata kipande kilichosema: "Faida ya kununua kwa jumla ni kubwa mno kwa mwananchi wa kawaida, isipokuwa" na hapo pamechanika.

Isipokuwa nini? Sikuuliza. Mtu mwenye hasira haulizi.

Nikapanda juu ya kinu. Nikasema rejareja ni mrija, na Dadi ni mdomo. Tena nikamshitaki kwa upendeleo: kuna mama mmoja hapa kijijini, nikasema, sikumtaja jina kwa kuwa ni mama mkwe wangu, ambaye kijiko chake Dadi hakipitishii kidole. Kinajaa mpaka kinakuwa kilima. "Kwa nini sisi bonde na mwingine kilima?" nikapiga kelele. Watu wakacheka. Dadi akatazama chini. Nikajua nimemshika pabaya.

Siku ile ile wanaume wa nyumba kumi za shina letu tukachanga. Tukamtuma mwenzetu Sipriani kwenye ghala kubwa la Lindi akalete gunia zima. Wake zetu hatukuwaambia, kwa sababu, nilisema kwa mdomo wangu huu, habari ikifika kisimani imefika redioni. Sukari ikija tungegawana kimya kimya, Dadi abaki na kijiko chake akikodolee macho.

Basi, gunia likaja.

Lori lilimshusha Sipriani njia panda, naye akalilaza gunia juu ya baiskeli akawa analisukuma, jasho linamtoka, kofia yake ya pama imeangukia shingoni. Nikatoka kumlaki. Tulipofika kisimani wanawake waliokuwa wakiteka maji walisimama wote, ndoo mikononi. Mmoja akapiga kigelegele. Wengine wakadakia.

Kijiji kizima kikapokea. Vigelegele vikatufuata nyumba kwa nyumba. Mzee Abdulrahmani, ambaye ndiye mgumu kuliko wote katika wale kumi tuliochanga, aliinua fimbo yake kunisalimu, halafu akakumbuka kuwa ni siri, akaishusha.

Mimi nikapunga mkono. Nikapunga mikono yote miwili. Nilidhani wanaishangilia ujamaa.

"Sipriani," nikamwambia, "unaona watu walivyoamka?"

Sipriani hakunitazama. Ni Mmakonde, ni mtani wangu, na mtani anayekosa la kukutukania ujue ana jambo.

"Mtani," akasema, "tuliingize kwanza ndani."

Tukaliingiza. Tukaliegemeza ukutani, chini ya ile hesabu yangu ya mkaa. Hapo ndipo aliposema.

"Yule mtunza ghala aliniuliza, gunia zima la nini? Nikamwambia la nyumba kumi. Akasema nyumba kumi ni chama au ni duka? Kama ni duka, leseni iko wapi? Kama si duka, mtu mmoja anachukua gunia apeleke wapi? Nikaona mazungumzo yanaelekea polisi."

"Ukafanyaje?"

"Nikamwambia kuna harusi."

"Harusi ya nani?"

"Na yeye aliniuliza hivyo hivyo. Jina lililokuwa karibu na mdomo likawa lako."

"Sipriani!"

"Ulitaka niseme langu? Mimi nina Helena, na ndoa ya kanisani. Ningesema naoa tena, padri angetoka Lindi kwa miguu kuja kunipiga. Wewe Mwislamu, una nafasi."

"Umewaambia watu gani?"

"Mimi? Sikumwambia mtu. Nilimwambia mtunza ghala. Watu wa kwenye lori ndio walionipongeza, nikanyamaza. Na lori lilisimama Mbwemkuru tukingoja maji yapungue, kwa hiyo walikuwa na wakati."

Hapo nikaelewa vile vigelegele.

Mwenye akili angeelewa mapema. Huku kwetu kila kipimo cha sukari kina maana yake. Kijiko ni chai. Robo ni mgeni. Kilo ni mgonjwa ametoka hospitali. Gunia zima haliingii nyumbani mwa mtu bila jambo: ama maulidi, ama watoto wanatoka jandoni, ama harusi. Maulidi yalikuwa yamepita. Watoto wangu walishatoka jandoni. Binti wa kuozwa sikuwa naye.

Kilichobaki mtu yeyote angeweza kukikisia, na kila mtu alikikisia.

Jioni ile mke wangu Somoe aliniandalia ugali. Ugali peke yake. Akakaa mbele yangu kwenye kibao cha mbuzi, kile cha kukunia nazi, akanitazama nikitafuta mboga.

"Umri gani?" akauliza.

"Nani?"

"Mwenzangu."

"Somoe, sikiliza. Hii sukari ni ya nyumba kumi. Tumechanga. Ni ya jumla."

"Nyumba kumi."

"Wallahi."

"Na hii nyumba imo katika hizo kumi?"

"Imo. Ndiyo ya kwanza."

"Basi mbona ina mwanamke ndani na hana habari?"

Wasomaji, nimejibizana na mabwana shamba, nimejibizana na wakaguzi wa korosho, nimewahi kumjibu Mzungu mmoja mwaka ule wa mgomo wa gati mpaka akavua miwani. Swali lile la Somoe sijalijibu mpaka leo.

Akaendelea taratibu, na hiyo taratibu ndiyo iliyonitisha.

"Harusi yangu mimi, Huseni, watu walikunywa uji wa chumvi. Unakumbuka? Ulisema karamu ni ukabaila. Ukasimama mbele ya shangazi zangu, mimi nimejifunika mkekani nangoja, ukawahutubia habari za unyonyaji. Uji ukapoa. Sikusema neno. Nikasema moyoni, mume wangu ni mtu wa msimamo. Leo mwenzangu analetewa gunia."

Akainuka, akachukua ushungi wake, akaenda zake kwa mama yake, nyumba ya tano kutoka yetu.

Nikaruka. Nikawaita wanaume wote tisa kabla hata muadhini hajaadhini isha. Nikasema tugawane sasa hivi, kila mtu atoke na fungu lake, Somoe akirudi akute gunia limekwisha na mambo yamekwisha.

Wakaja na vyombo. Hapo tena.

Sipriani alileta kata ya kunywea togwa, pana kama kofia. Mzee Abdulrahmani alileta kibaba chake cha mti alichorithi kwa baba yake. Mwingine alikuja na kopo la maziwa, mwingine na kikombe cha jeshi.

"Tupime kwa kibaba," akasema Abdulrahmani.

"Kibaba chako kimetafunwa na panya ukingoni," Sipriani akamjibu. "Kila mara wewe ukipokea utageuzia upande mzima, mwingine akipokea utageuzia upande wa panya."

"Mimi, na mvi hizi?"

"Mvi hazipimi sukari, mzee wangu."

"Haya, tupime kwa kata yako. Kwa kujaza au kwa kufuta?"

Wakanigeukia mimi.

"Bonde au kilima, Huseni?" akauliza Abdulrahmani. "Wewe ndiye uliyesema juu ya kinu."

Nikasema kilima. Wakasema kilima cha nani, mwenye mkono mzito au mwepesi? Nikasema bonde. Wakasema kumbe Dadi alikuwa na kosa gani? Mmoja akasema jambo hili lina dawa moja tu, mizani, na Kikole nzima mizani iko kwa Dadi. Ikaazimwe.

"Mizani ya Dadi?" nikafoka. "Tukamwangushe mnyonyaji kwa kumpigia magoti? Bora lilale zima!"

Likalala zima. Wakaondoka na vyombo vitupu, kila mmoja amemnunia mwenzake.

Somoe akarudi na mama yake.

Mama mkwe wangu, Binti Abdala, ni mjane wa siku nyingi, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto. Kwetu mtu hamtazami mkwewe usoni. Akipita njia hii, unashika ile. Akiingia nyumbani kwako, unakohoa ukiwa mbali ili apate pa kujificha. Sasa huyu aliingia na mkeka wake, mto wake na kibuyu chake cha ugoro, akajifungia chumba cha uani akaanza kuitawala nyumba kutoka nyuma ya mlango.

"Huseni!"

"Shikamoo, mkwe."

"Marahaba. Gunia bado liko zima?"

"Lipo, mkwe. Tulitaka kugawana, lakini..."

"Somoe, mwanangu, umesikia? Lipo zima. Siondoki hapa mpaka nimwone huyo mwali. Na mwali akiingia mlango wa mbele, wewe unatoka na mimi mlango wa nyuma."

Asubuhi nikawafuata wale tisa, niwaombe kila mmoja amwambie mkewe kweli, wanawake waje wamtulize Somoe. Nilichelewa. Habari ilikuwa imeshaenea kwamba Katibu wa tawi anazungumzia walanguzi wa sukari, na kwamba ghala la mtu binafsi lolote litafunguliwa. Kila nilipobisha nilikutana na mke mlangoni na mume nyuma yake akitikisa kichwa.

"Sukari?" alisema Mzee Abdulrahmani kwa sauti, ili mkewe asikie. "Sukari gani? Mimi simo. Huseni anaoa, Mungu ampe heri."

Hata Sipriani! Helena alimuuliza mbele yangu, na mtani wangu akajishughulisha na kuvua kiatu.

Sasa niwaambie habari ya akiba, kwa maana ndiyo iliyonipandisha juu ya kinu.

Watu walianza kuja kutoa pongezi. Mgeni akija kwako na pongezi, unampa chai. Zamani, sukari ikiwa kijiko kimoja ndani ya karatasi, mgeni akija unamwambia kwa masikitiko, "Sukari imetuishia ndugu yangu," naye anakunywa chai kavu, anakuombea riziki, mnaagana mkipendana. Gunia utasema limekwisha vipi, na mgeni amelikalia?

Maana walilikalia. Nyumba yangu ilikuwa na viti viwili.

Na mkono nao ukabadilika. Binti Abdala kule uani alikuwa akiagiza chai kama ofisa. "Ongeza, haijakolea!" Watoto wangu wakajifunza kutia sukari kwenye uji, kwenye muhogo, kwenye ndizi mbivu. Mimi mwenyewe, mpinga anasa, nilijikuta nakoroga kikombe na sukari haiyeyuki chini. Sisimizi wakaunda ushirika wao, wenye nidhamu kuliko wetu. Mvua ikanyesha, ukuta ukavuta unyevu, na upande wa gunia uliogusa sakafu ukawa jiwe.

Nikakumbuka lile neno la kwenye karatasi. Isipokuwa. Nusu ya pili ya makala ile nilikuwa naisoma kwa tumbo langu.

Somoe hakunywa hata kikombe kimoja. Alikuwa anawapakulia wageni, anawashukuru kwa heshima, anarudi ndani. Siku moja nilimkuta amekaa chini ya ile hesabu ya mkaa, anaitazama. Ni yeye aliyekuwa ananishikia kibatari nilipokuwa najifunza kuandika tarakimu. Nilipokosea alinyamaza, nilipopatia alikisogeza kibatari karibu. Nilitaka kumwambia hivyo. Nikasema, "Wapumbavu wale wangekubali kupima kwa kata..."

Akaondoka.

Kesho yake, baada ya chai ya asubuhi, nilikuta kitita chake kimefungwa. Kanga zake, kitana chake cha mti, na ule mto wake wa sufi aliokuja nao siku ya uji wa chumvi. Amekiweka kizingitini, na yeye amekaa pembeni yake akingoja mama yake amalize kujipaka wanja.

Nikapiga magoti. Mimi ambaye sikumpigia magoti Mzungu.

"Somoe, hakuna mke. Hakuna harusi. Niambie nifanye nini uniamini."

"Sema mbele za watu," akasema. "Wewe si ndiye hodari wa kusema mbele za watu? Simama useme hakuna harusi, wote wasikie. Nitafungua kitita."

"Hilo tu?"

"Hilo tu."

Nikainuka kwa furaha. Nikatazama nje nitafute kinu changu.

Na nje alikuwa Katibu.

Katibu Fakihi, suti yake ya kijivu ya mikono mifupi, kalamu mbili mfukoni, mgambo wawili kulia na kushoto. Nyuma yake watu, maana mgambo hawatembei Kikole bila kijiji kuwafuata. Na nyuma ya watu, akihema, amekumbatia mizani yake kama mtoto mgonjwa, Mzee Dadi.

"Ndugu Huseni Likwata," akasema Katibu.

"Ndugu Katibu."

"Nimesikia una gunia."

"Kila mtu amesikia, Ndugu Katibu."

"Mzee Dadi nimemleta alipime, ili pasiwe na maneno. Sasa nisikilize vizuri, maana wewe ni mtu wa chama, sitaki kukuonea. Kama ni la harusi, mtunza ghala amelitoa kwa halali, nakupa mkono wa heri, nakunywa chai, naondoka. Kama hakuna harusi, basi mtu mmoja amejifungia gunia zima wananchi wakilamba karatasi. Huo ni ulanguzi. Gunia litakwenda Kilwa Masoko, na wewe utakwenda juu yake."

Watu wakaguna.

"Kwa hiyo swali ni fupi," akasema. "Kuna harusi, au hakuna harusi?"

Nikamtazama Sipriani. Alikuwa anatazama mkorosho kama hajawahi kuuona. Nikamtazama Mzee Abdulrahmani. Aliniombea dua kwa midomo.

Nikamtazama Somoe. Alikuwa amesimama kizingitini, mkono mmoja juu ya fundo la kitita. Vidole viko tayari kulifungua. Au kulibeba.

Nikisema ipo, namkosa mke. Nikisema haipo, nalala selo. Mimi Huseni Likwata, niliyekuwa na maneno ya kuwagawia watu wote wa pwani hii, nikasimama mdomo wazi kama pweza juani.

"Ndugu Huseni, tunangoja."

"Harusi..." nikasema.

"Ipo!"

Si mimi. Sauti ilitoka ndani, nyuma ya mlango wa uani, ile sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto.

Katibu akavua kofia. "Nani huyo?"

"Mimi Binti Abdala. Harusi ipo. Andika, Katibu, au weka kichwani, vyovyote unavyofanya."

Somoe akageuka. "Mama! Na wewe umekubali aniletee mwenzangu?"

"Mwenzako gani, mwanangu? Huyo mumeo nani mwingine atamtaka? Harusi ni yangu."

Watu wote wakageukia mlango wa uani. Hata mgambo mmoja aliweka kirungu chini.

"Yako, mama?" akauliza Katibu kwa adabu. "Unaolewa na nani?"

"Na huyo aliyeshika mizani."

Mizani ikalia ngwa! Dadi alikuwa ameiachia. Akaiokota, akaangusha mawe yake, akayaokota mawe, akaangusha kofia. Mzee mzima amekuwa mwekundu kama embe dodo.

Na mimi nikakiona kile kijiko. Kile kijiko cha kilima. Nilikitangaza juu ya kinu mbele ya kijiji kizima kuwa ni rushwa, ni upendeleo, ni mbinu ya kibepari ya kuwagawa wananchi. Kumbe mtu alikuwa anabembeleza.

"Amenichumbia muda mrefu," sauti ya mlangoni ikaendelea. "Kila siku kijiko, kila siku kijiko. Nikamwambia, Dadi, mimi siolewi kwa kijiko. Mwanangu aliolewa kwa uji wa chumvi, aibu ile inatosha ukoo mmoja. Lete gunia nije. Akasema gunia halipatikani, mgao wa duka lake ni kilo chache tu. Nimekaa ndani humu siku zote hizi nanywa chai, natafakari. Gunia lipo. Bwana harusi yupo. Bibi harusi yupo. Kinachokosekana ni nini?"

Aliyecheka kwanza ni Somoe. Alianza kwa kuziba mdomo na kanga, halafu kanga ikashindwa. Helena akapiga kigelegele. Kikaenda mpaka kisimani kikarudi.

Katibu hakucheka. Alikuwa mtu wa kumaliza kazi.

"Ndugu Huseni, mwenye gunia ni wewe. Thibitisha mbele ya wananchi. Gunia hili umelileta kwa ajili ya harusi ya mama mkwe wako na Mzee Dadi?"

Nikasikia wanaume tisa wakivuta pumzi pamoja. Ilikuwa pesa yao, lakini nani angejitokeza kudai? Walikuwa wameapa kwa wake zao kwamba hawamo. Mzee Abdulrahmani alikunja uso mpaka ndevu zikagusa pua. Kama ningethibitisha, sukari yetu ya kumwangusha Dadi ingenywewa karamuni kwake. Na Dadi, yule wa siku ya Uhuru, angekuwa baba mkwe wangu. Ningemwamkia asubuhi na jioni. Ningempisha njia.

"Subiri kwanza, Ndugu Katibu," akasema Dadi. Alikuwa amepata kofia yake na sauti yake. "Nilikuja kupima. Acha nipime."

Mgambo wakalitoa gunia nje. Lilitoka kwa wepesi ulionitia haya. Dadi akalipima kwa mafungu, hana haraka, akigonga sehemu iliyoganda, akipepeta sisimizi, akipitisha kidole chake kwenye sahani ya mizani kama alivyofanya siku bendera ilipopanda. Alipomaliza alinisogelea, akashusha sauti, lakini Kikole hakuna sauti inayoshuka.

"Mwanangu Huseni, limebaki nusu, na nusu ya nusu ni jiwe. Kwa harusi yangu haitoshi. Itabidi urudi Lindi." Akatabasamu, jino moja la dhahabu. "Nunua kwa jumla. Nasikia ni nafuu."

Watu wakaangua kicheko. Nikamgeukia Somoe. Alikuwa bado anafuta machozi ya kucheka, ila kitita hakukirudisha ndani. Kilikuwa palepale kizingitini, fundo halijafunguliwa, na macho yake yalikuwa juu ya mdomo wangu. Niliahidi kusema mbele za watu. Alikuwa anangoja asikie nitasema nini.

"Ndugu Huseni," akasema Katibu. "Kwa mara ya mwisho."

Na Mzee Dadi akaninyooshea mkono wake, ule ule wa kijiko, kiganja kimeelekea chini, akangoja shikamoo yangu.